Shosho Mgombea: Uzee wa Mwanamke na Siasa ya Taifa katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Neno "mzee" halina jinsia katika sarufi ya Kiswahili. Linamfaa mwanamke kama linavyomfaa mwanamume, wala hakuna kanuni ya lugha inayowatenga. Hata hivyo, matumizi yake katika historia ya siasa ya Kenya yanasimulia jambo jingine. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1978, neno hilo liliposemwa peke yake bila jina la pili, lilikuwa na maana moja tu: Jomo Kenyatta. Baada yake liliendelea kuwa cheo cha heshima cha wanaume wenye mamlaka, wakubwa kwa wadogo. Mwanamke aliyefikia umri huohuo alikuwa "mama", na alipozidi kuzeeka akawa "nyanya", au, kwa lugha ya mitaa ya Nairobi iliyolikopa neno hilo kutoka Kigikuyu, "shosho". Mzee huongoza, shosho huamkiwa.

Makala haya yanaichunguza tofauti hiyo kwa kuitazama Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, na hasa eneo bunge la Kamukunji, ambako katika uchaguzi mkuu wa 27 Desemba 2007 mwanamke wa miaka 71, Wambui Waiyaki Otieno, alisimama kugombea kiti cha ubunge. Hakushinda. Lakini kushindwa kwake hakuondoi umuhimu wa tukio lenyewe. Eastlands haikupata kukosa wanawake wazee katika siasa. Walikuwepo tangu mitaa hiyo ilipoanzishwa. Kilichokosekana ni jina la kumwita mwanamke mzee anapoacha kuwabariki wanaoomba kura na kuanza kuziomba yeye mwenyewe.

Wenye nyumba wa Pumwani

Serikali ya kikoloni iliupanga mji wa Nairobi kwa dhana kwamba Mwafrika ni mpita njia, na kwamba mpita njia huyo ni mwanamume. Vyumba vya Muthurwa na Makongeni, vilivyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, vilifuata dhana hiyo: aliyepoteza kazi alipoteza na chumba. Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilikuwa na sura tofauti. Huko Waafrika walipewa viwanja wakajenga nyumba zao wenyewe, na miongoni mwa waliojenga walikuwamo wanawake wengi.

Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake The Comforts of Home kilichochapishwa mwaka 1990, alitegemea kwa kiasi kikubwa mahojiano aliyofanya katika miaka ya 1970 na wanawake wazee wa Pumwani na mitaa ya jirani. Masimulizi yao yanaonyesha jinsi fedha za umalaya zilivyogeuzwa kuwa kuta, mapaa na kodi ya kila mwezi. Binti aliyefika mjini mikono mitupu aliuzeekea mji huo akiwa mwenye nyumba, mara nyingi akiwa amesilimu, na akiwa na uhuru wa kumteua mrithi wake nje ya ukoo aliouacha mashambani. Nyumba za Pangani zilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo na kwingineko, wanawake wa aina hiyo walikuwa miongoni mwa waliopoteza zaidi.

Wahakiki wa fasihi ya Kenya wamemzoea malaya wa riwaya za mjini, ambaye karibu kila mara ni kijana na karibu kila mara huishia pabaya. Hawamjui sana malaya aliyezeeka salama, akaketi barazani kwake Majengo akikusanya kodi. Yumkini ni kwa sababu mwisho wa namna hiyo haumpi mwandishi funzo la kuwaonya wasomaji. Lakini kwa historia ya siasa, huyu ndiye mwenye maana. Mwanamke aliyemiliki nyumba katika mji ambao haukutaka Mwafrika amiliki chochote alikuwa tayari amelijibu swali la kisiasa la enzi yake: nani ana haki ya kukaa Nairobi? Alilijibu kwa udongo na mabati miaka mingi kabla ya wanaume kulijibu kwa hotuba.

Mwili na wimbo

Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi jijini Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe. Masimulizi yaliyohifadhiwa yanasema kwamba, wanaume walipoanza kusita na kutawanyika, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake mbele yao akawaambia waichukue, na wampe yeye suruali zao. Polisi walifyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Miaka 70 baadaye, mwezi wa Machi 1992, akina mama waliokuwa wakigoma kula katika bustani ya Uhuru, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe, walivamiwa na polisi. Baadhi yao wakavua nguo. Wengi wa akina mama hao walikuwa watu wazima sana, na miongoni mwao alikuwamo Monica Wangu Wamwere, mamake Koigi wa Wamwere. Baada ya kufukuzwa bustanini waliendelea na mgomo wao katika Kanisa Kuu la All Saints.

Matukio haya mawili hayakutokea Eastlands, lakini bila kuyataja haiwezekani kueleza matarajio ambayo mpiga kura wa Eastlands anayo kuhusu mwanamke mzee katika siasa. Uchi wa mama ni laana, na uzito wa laana huongezeka kwa umri wa anayeitoa. Ni silaha kali. Ni vyema kukumbuka pia kwamba ni silaha ya mtu aliyenyimwa silaha nyingine zote, na kwamba hutumiwa kwa niaba ya mwingine: Thuku mwaka 1922, wana mwaka 1992. Wasomi wameipenda mno taswira hii. Imeandikwa, ikachambuliwa, ikasifiwa, hadi mtu anaweza kudhani kwamba mchango wa kikongwe katika siasa ya Kenya ni kuvua nguo.

Kuna nafasi nyingine aliyopewa, iliyo tulivu zaidi. Katika enzi ya Kenyatta, vikundi vya nyakinyua, yaani wanawake watu wazima wa Kikuyu waliokuwa na haki ya kimila ya kuimba nyimbo fulani, viliitwa kutumbuiza katika hafla za kiserikali. Nyimbo zao hazikuwa za burudani tu. Ziliweza kusifu, kukumbusha na hata kukemea kwa mafumbo. Lakini jukwaa lilikuwa la mwingine. Wimbo ulipokwisha, wanawake waliketi na mwenye jukwaa akasimama. Mfumo wa chama kimoja uliurithi mpangilio huo, na siasa ya vyama vingi haikuubadilisha ila rangi za leso.

Bahati, 1969

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba wapiga kura wa Eastlands hawakuwa tayari kuchagua mwanamke. Historia ya eneo bunge la Bahati inaikanusha hoja hiyo.

Mwaka 1969 ulikuwa mgumu kwa Nairobi. Tom Mboya aliuawa tarehe 5 Julai. Mwezi wa Oktoba chama cha KPU kilipigwa marufuku, na uchaguzi wa Desemba ukafanyika ndani ya KANU peke yake. Katika Bahati, waziri Mwai Kibaki, aliyekuwa ameingia bungeni mwaka 1963 kupitia Doonholm, hapohapo Eastlands, alipingwa na Jael Mbogo, kiongozi katika Maendeleo ya Wanawake. Mbogo hakuwa mzee wakati huo, na hakuwa na fedha wala serikali nyuma yake. Hata hivyo alikaribia kumwangusha waziri. Kuhesabiwa kwa kura kulichukua muda usio wa kawaida, na tangu siku hiyo watu wengi wameamini kwamba ushindi wa Kibaki haukupatikana sandukuni peke yake. Uchaguzi uliofuata, wa mwaka 1974, Kibaki aliiacha Nairobi akagombea Othaya, kwao Nyeri, na kiti hicho hakikumtoka hadi alipostaafu mwaka 2013.

Katika uchaguzi huohuo wa 1969, Grace Onyango alichaguliwa katika eneo la Kisumu Mjini, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Kenya. Kama Bahati ingekwenda kinyume, angekuwa na mwenzake kutoka Eastlands. Basi tatizo halikuwa kwamba mkazi wa Jericho au Maringo hakuweza kumpigia mwanamke kura. Alikwishafanya hivyo, kwa idadi iliyomfukuza waziri mjini.

Binti, mjane, shosho

Wambui alizaliwa tarehe 21 Juni 1936 katika ukoo wa Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu aliyekufa mwaka 1892 mikononi mwa Waingereza, akiwa njiani kupelekwa pwani. Babake, Tiras Waiyaki, alikuwa inspekta wa polisi. Mgongano huo wa urithi, shujaa aliyeuawa na dola upande mmoja na mtumishi wa dola upande wa pili, ndio unaoipa uhai tawasifu yake, Mau Mau's Daughter: A Life History, iliyochapishwa mwaka 1998 chini ya uhariri wa Cora Ann Presley.

Katika tawasifu hiyo anaeleza jinsi alivyokula kiapo akiwa msichana, akaondoka kwao, akafanya kazi ya upelelezi kwa ajili ya Mau Mau jijini Nairobi. Ikumbukwe Nairobi hiyo ilikuwaje. Operesheni ya Anvil, iliyoanza tarehe 24 Aprili 1954, ilizizingira Eastlands kwa askari. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa, na wanawake wengi wakarudishwa mashambani pamoja na watoto wao. Kubaki mjini kulihitaji kibali, na kufanya siasa kulihitaji ujasiri mkubwa. Mboya alipoanzisha chama cha Nairobi People's Convention Party mwaka 1957, Wambui alikuwa miongoni mwa wanawake walioendesha harakati zake. Siasa za Waafrika wa Nairobi katika miaka hiyo zilikuwa na makao yake Eastlands, katika kumbi kama ule wa Kaloleni. Chama kilipigania kura ya kila mtu wakati ambapo sheria ya uchaguzi ya Waafrika ilipima elimu, mapato na mali ya mpiga kura, na ilimtaka Mkikuyu, Mwembu au Mmeru awe na cheti cha uaminifu kwa serikali. Mwanachama wa Mau Mau asingekipata cheti hicho kwa njia ya haki. Wambui alikuwa akimtafutia mwingine kura ambayo yeye hakuwa nayo. Mwaka 1960 alikamatwa na kuzuiliwa Lamu, ambako, kwa ushuhuda wake, alibakwa na afisa Mwingereza. Aliachiliwa mwaka 1961.

Mwaka 1963 aliolewa na wakili S.M. Otieno, na baada ya uhuru aligombea ubunge Langata bila kufanikiwa. Kisha ikaja kesi iliyomfanya ajulikane kote duniani. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na mazishi yakafanyika Nyalgunga mwezi wa Mei 1987. Wambui hakuhudhuria. Wakati huo alikuwa na miaka 50, umri ambao mwanamume wa Kenya huanza kuitwa mzee na watu wasiomjua. Mahakama ilimsikiliza kama mke aliyeolewa katika ukoo, basi.

Hapa kuna jambo la kiuhakiki linalostahili kutazamwa kwa makini. Tawasifu ilipochapishwa, mwandishi wake alikuwa na umri wa takriban miaka 62. Alikuwa mama wa watoto wengi, mjane, mgombea ubunge wa zamani na mfungwa wa kisiasa wa zamani. Lakini jalada la kitabu linamwita binti. Inawezekana ni mkakati: binti wa Mau Mau ni mrithi wa Mau Mau, na mrithi ana madai. Inawezekana pia ni alama ya upungufu wa lugha yenyewe, maana mwanamume wa historia kama yake angejiita mzee, mpiganaji au jenerali bila kumtafuta mzazi wa kumtegemea. Katika maisha yake ya hadharani Wambui aliitwa binti, akaitwa mke, akaitwa mjane, na baadaye shosho. Majina yote manne ni ya uhusiano wa jamaa. Hakuna hata moja linalosema alichokifanya.

Desemba 2007

Jina la shosho lilimfikia kwa kishindo mwezi wa Julai 2003, alipofunga ndoa ya kiserikali na fundi wa mawe mwenye umri wa miaka 25. Yeye alikuwa na 67. Magazeti yalishangilia, mahubiri yalilaani, na vichekesho vikatungwa kila pembe ya mji. Wanaume wa miaka 67 wenye wake wa miaka 25 walikuwa wakipita katika barabara hizohizo bila mtu kugeuza shingo. Kichekesho kilikuwa na kazi ya kufanya: kilimtoa Wambui katika orodha ya watu wa historia na kumweka katika orodha ya vituko, na ni vigumu kumpigia kura mtu uliyekwisha kumcheka.

Alijua hivyo, na hata hivyo miaka minne baadaye aligombea. Hakurudi Langata. Alikwenda Kamukunji, eneo lenye Pumwani, Shauri Moyo na Eastleigh, lililotokana na lile la Nairobi ya Kati ambalo Mboya aliliwakilisha hadi alipouawa. Na hakugombea kwa tiketi ya chama kikubwa, bali kwa chama alichoshiriki kukiasisi, Kenya People's Convention Party. Msomaji anayejua historia ya miaka ya 1950 hawezi kuusikia mwangwi huo asishtuke. Ni jina la chama cha Mboya, neno moja tu limebadilishwa: Nairobi imekuwa Kenya. Mwanamke aliyefanya kampeni katika mitaa hiyo nusu karne kabla, akiwa kijana asiye na kura, alirudi palepale akiwa mzee mwenye kura, na safari hii jina katika karatasi ya kupigia kura lilikuwa lake.

Wapiga kura wengi wa Kamukunji wa mwaka 2007 walizaliwa baada ya Mboya kufa. Mwangwi ule haukuwafikia, na hapana haja ya kuwalaumu. Uchaguzi wenyewe ulimezwa na mashindano ya urais, ambayo matokeo yake yalizua umwagaji damu uliowaua watu zaidi ya 1,000 nchini. Lakini mashindano hayo ya urais yana sehemu katika hoja hii. Siku ileile ambayo Wambui, mwenye miaka 71, aliomba kura Kamukunji, Mwai Kibaki, mwenye miaka 76, aliomba kura nchi nzima. Umri wa Kibaki ulitajwa na wafuasi wake kama hekima, na wapinzani wake walipoutaja walisema amechoka, si kwamba anachekesha. Mbunge wa zamani wa Bahati, aliyeokoka kwa shida mbele ya mwanamke mwaka 1969, alikuwa amezeeka akawa Mzee. Mwanamke aliyeanza siasa kabla yake katika mitaa hiyohiyo alikuwa amezeeka akawa shosho.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilijaribu kurekebisha sehemu ya tatizo. Iliweka viti 47 vya wawakilishi wanawake wa kaunti katika Bunge la Taifa na viti 16 vya wanawake katika Seneti, na ikaagiza kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa. Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kutekeleza agizo hilo, hata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais mnamo Septemba 2020 alivunje. Ushauri huo haukufuatwa. Kuhusu umri, Kifungu cha 57 kinawapa wazee, ambao katiba inawafasili kuwa watu waliopita miaka 60, haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii. Ni maneno mazuri. Lakini Kifungu cha 100, kinachoorodhesha makundi ambayo Bunge lazima liyatungie sheria ya kukuza uwakilishi wao, kinataja wanawake, watu wenye ulemavu, vijana, jamii za wachache na jamii zilizotengwa. Wazee hawamo. Bila shaka waandishi wa katiba walidhani kwamba wazee wanajitosheleza bungeni, na kwa kuwa waliposema wazee waliwaona wanaume, hawakukosea.

Wambui Otieno alifariki jijini Nairobi tarehe 30 Agosti 2011, akiwa na miaka 75, kabla ya uchaguzi wa kwanza chini ya katiba hiyo. Tawasifu yake inaishia katika miaka ya 1990. Ndoa ya 2003 haimo, na kampeni ya Kamukunji haimo. Yale yaliyoandikwa kuhusu uzee wake yameandikwa na wengine, na sehemu kubwa ni ile ya magazeti yaliyomcheka. Wanawake wa Pumwani waliohojiwa katika miaka ya 1970 walibahatika kusikilizwa kabla hawajafa. Waliotembea na Wambui nyumba kwa nyumba mwaka 2007, Shauri Moyo na Majengo, baadhi yao sasa wamefikia umri aliokuwa nao yeye wakati huo, na wengi wao bado wako mitaani.